Kabla Hujapenda Skrini Kubwa: Mwongozo wa Kuchagua na Kupanga Dashibodi Isiyokuibia Macho

Mvua ilitukuta tunashuka mlima Kitonga. Nilikuwa nimepokea usukani Iringa, shemeji amelala kiti cha pembeni. Gari lilikuwa lake, la kisasa kweli: dashibodi tupu kama meza iliyokwisha kufutwa, na skrini moja pana katikati. Kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. Kwenye gari langu la zamani mkono ungekwenda wenyewe, ukazungusha swichi, basi. Hapa nikagusa alama ya feni, ukafunguka ukurasa. Ukurasa una picha ya mtu ameketi na mishale inampulizia. Nikagusa mshale, hewa ikaenda miguuni. Nikagusa mwingine, gari likatikisika kwenye kiraka cha lami, kidole kikatua kwingine na redio ikawaka. Nilipoinua macho, lori la mbele lilikuwa limewasha taa za breki muda kidogo uliopita.

Hatukugonga. Nikamwamsha shemeji, na huku macho yamefumba akaniambia: "Gusa hapo pa feni, halafu telezesha kushoto." Yeye anajua. Mimi sikujua, na Kitonga si darasa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasumbua watu wanaonunua magari, na mwongozo huu ndio usumbufu wenyewe ulioandikwa. Sina ugomvi na skrini. Kamera ya nyuma imeokoa watoto na baiskeli nyingi, na ramani kwenye skrini pana ni bora kuliko simu iliyoegeshwa kwenye kikombe. Ninachodai ni kwamba kila kitu utakachokihitaji ghafla magurudumu yakiwa yanazunguka kiwe mahali mkono unapoweza kukipata bila kuitiwa macho. Mengine yote na yakae kwenye skrini.

Hatua ya kwanza: jua unachopima

Kitufe cha kubonyeza kina faida tatu ambazo hatuzitaji kwa sababu tumezizoea. Hakihami mahali pake. Kidole kinakitambua kwa umbo. Na kikikubali kinakuambia, kwa ule mlio au mguso wa kushuka chini. Kioo cha skrini ni bapa kote. Kidole hakijui kimefika mpaka jicho lithibitishe, na baada ya kugusa jicho linarudi tena kuhakikisha kama amri imepokelewa. Kwenye barabara yenye matuta na viraka hali huwa mbaya zaidi, maana mkono uliotandazwa hewani hauna pa kujishikiza.

Sasa hesabu ya mita. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kwa 100, karibu mita 28. Ukitazama skrini kwa sekunde tatu ukiwa kwenye 80, umepita mita 67 bila kuona barabara, na kwenye barabara zetu mita 67 zinatosha kuwa na mbuzi, bodaboda isiyo na taa na mtu anayevuka.

Wapo waliolipima jambo hili kwa kuhesabu sekunde. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 na Volvo V70 moja ya mwaka 2005, likayapeleka kwenye uwanja wa ndege. Madereva walipewa muda wa kuyazoea kwanza. Kisha wakaendesha kwa kilomita 110 kwa saa huku wakifanya kazi nne za kawaida: kuongeza joto na kuondoa ukungu kwenye kioo, kutafuta stesheni ya redio, kurudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, kupunguza mwanga wa dashibodi. Kwenye ile Volvo ya zamani kazi zote ziliisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye MG Marvel R zilichukua sekunde 44.9, yaani mita 1,372. Zaidi ya kilomita nzima dereva yuko na skrini.

Lakini soma matokeo hayo mpaka mwisho, maana wengi huishia hapo. Dacia Sandero na Volvo C40, zote mbili zina skrini, zilimaliza kwa sekunde zisizofika 14. Kwa hiyo si kila skrini ni balaa. Inategemea nani aliipanga na aliwaza nini. Ndiyo maana nakushauri upime gari lenyewe, usiende kwa sifa zake.

Hatua ya pili: mtihani wa kufumba macho, hapo hapo yadi

Huu unafanywa gari likiwa limesimama. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii ni full option," na atawasha muziki. Mwombe auzime. Kaa kiti cha dereva, sogeza kiti mpaka miguu na mikono vikae sawa, washa gari. Mpe rafiki yako simu ahesabu sekunde.

Kwanza, macho wazi, jitambulishe na kila kitu kwa dakika tano. Usijionee aibu, ni pesa zako. Kisha fumba macho na rafiki akuitie moja moja: indiketa ya kushoto, honi, waipa kasi ya juu, taa za hazadi (zile za tahadhari zinazowaka zote pamoja), taa za mbele na kushusha mwanga wake, kuondoa ukungu kioo cha mbele, kuongeza feni, kupunguza sauti ya redio, kufungua dirisha la dereva.

Vitano kati ya hivyo visikubaliwe kabisa kuwa kwenye skrini: indiketa, hazadi, honi, waipa na taa za mbele. Hapa siko peke yangu. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, limeweka katika vigezo vyake vya kuanzia Januari 2026 kwamba gari linalotaka alama kamili liwe na vitufe au swichi halisi za indiketa, hazadi, honi, waipa na simu ya dharura ya SOS. Hiyo si sheria ya nchi. Ni sharti la alama, na kampuni za magari huziogopa alama kuliko mahubiri. SOS ile huku kwetu haina wa kuipokea, ndiyo nikaweka taa za mbele mahali pake.

Waipa kwenye skrini si hadithi ya kubuni. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Karlsruhe, Ujerumani, iliithibitisha adhabu ya dereva wa Tesla aliyetoka barabarani kwenye mvua alipokuwa akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini. Alitozwa euro 200 na kunyimwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Mahakama iliihesabu skrini ile kuwa kifaa cha kielektroniki sawa na vingine ambavyo dereva haruhusiwi kuvikodolea macho. Mtengenezaji ndiye aliyeweka waipa hapo. Aliyelipa faini ni dereva.

Kisha viko vile vinne vilivyobaki: ukungu, feni, sauti, dirisha. Kuondoa ukungu nakihesabu kama cha lazima kwa mtu yeyote anayeendesha Iringa, Mbeya, Lushoto, Limuru au Kigali. Kama unaishi Dar na huendi mbali, bado nakihesabu, na sababu nitaieleza nikifika kwenye mvua.

Jihadhari na vitufe vya uongo. Yapo magari ambayo yana sehemu nyeusi inayong'aa yenye alama za sauti na joto, ukaona moyo umetulia, kumbe hakuna kinachobonyea. Ni skrini iliyovaa kanzu. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane na ID.3 za mwanzo zilikuwa na vijistari vya kutelezesha kidole kwa ajili ya sauti na joto, na usiku havikuwa hata na taa. Wateja walilalamika mpaka mkuu wa usanifu wa Volkswagen, Andreas Mindt, akatangaza mwaka 2025 kwamba vitufe vya kazi muhimu vinarudi na kosa lile halitarudiwa. Kwa hiyo yadi, usitazame tu. Bonyeza. Kama hakishuki chini ya kidole, kihesabu ni skrini.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wa magari ya Japani hulisahau: lugha. Kitufe halisi kina alama ile ile duniani kote. Upinde wenye mishale mitatu ya mawimbi ni kioo cha mbele, mstatili wenye mishale hiyo ni kioo cha nyuma. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kufundishwa. Lakini gari likiwa na menyu za Kijapani, na mipangilio ya hewa imefichwa humo, utaendesha kwa kubahatisha herufi. Wapo wanaokariri ("gusa ile inayofanana na nyumba"), na wanaishi hivyo miaka. Muulize muuzaji mapema kama lugha inabadilika, na akubadilishie mbele ya macho yako. "Fundi atabadilisha baadaye" si jibu.

Hatua ya tatu: usiidharau dashibodi ya kizamani

Hapa nitasema neno kwa wanaoona haya kuendesha IST au Premio. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake magari yaliyotengenezwa katika miaka ile ambayo kila kampuni ilishindana kufuta vitufe ndiyo yanayopakuliwa Mombasa sasa. Tanzania tuna umri mpana zaidi, tunaulipia kwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo bado tuna chaguo. Swichi tatu za kuzungusha, moja ya feni, moja ya joto, moja ya mwelekeo wa hewa, ni muundo ambao hata leo haujashindwa kwa wepesi. Ikiharibika, fundi umeme yeyote anaifungua. Skrini ikifa siku moja kwenye gari lenye kila kitu ndani yake, hata kiyoyozi kimekwenda nayo.

Wenye Mazda wana jambo lao. Kwenye Demio, Axela na CX-5 nyingi zilizoingia huku, skrini inaguswa gari likiwa limesimama tu. Likianza kutembea inakataa kidole, na unatumia ile swichi ya kuzungusha iliyo karibu na gia. Nimewahi kusikia mtu amemlipa fundi "kutengeneza tachi iliyokufa". Haikuwa imekufa. Mazda waliipanga hivyo kwa makusudi, na mwaka 2019 walipotoa Mazda 3 mpya waliondoa kugusa kabisa. Wahandisi wao waliona kwamba dereva anaponyoosha mkono kwenye skrini, bila kujua anausukuma usukani na gari linahama kwenye njia yake. Kwa hiyo kama tachi yako "imekufa" kwenye mwendo, mshukuru aliyeiua.

Hatua ya nne: unapofunga redio ya Android

Hapa ndipo pesa nyingi za usalama hupotelea, kwa sababu tunaamua wenyewe na fundi anatusikiliza. Gari lilikuja na redio yenye vitufe na menyu ya Kijapani, FM yake haifiki stesheni zetu nyingi, basi tunang'oa na kufunga skrini ya inchi 9 au 10. Sawa. Ila kabla ya kulipa, hakikisha haya.

Chagua yenye swichi ya kuzungusha ya sauti. Zipo, mara nyingi ni zile za inchi 7, na bei haitofautiani sana. Sauti ndiyo utakayoigusa mara nyingi kuliko kitu chochote kwenye gari: trafiki anakusimamisha, simu inaita, abiria anauliza kitu. Ukiikosa yenye swichi, basi vitufe vya kwenye usukani lazima vifanye kazi. Redio nyingi za Android zina nyaya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2 kwa ajili hiyo, na ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuifundisha kila kitufe: unagusa "ongeza sauti" kwenye skrini, unabonyeza kitufe cha usukani, inakariri. Mafundi wenye haraka huziacha nyaya hizo zikining'inia. Usiondoke gereji mpaka umejaribu vitufe vyote kimoja kimoja.

Uliza waya ulioandikwa ILL. Huu unaunganishwa na taa za dashibodi ili ukiwasha taa za mbele skrini ijipunguze mwanga. Ukiachwa, usiku utakuwa na televisheni inayokumulika usoni kuanzia Chalinze hadi Segera, na macho yaliyozoea mwanga huo hayamwoni mtu mwenye nguo nyeusi kando ya barabara. Namna ya kupima: ukiwa gereji, washa taa, angalia kama skrini inafifia.

Halafu waya wa BRAKE. Umetengenezwa kuunganishwa na breki ya mkono ili video icheze gari likiwa limeegeshwa tu. Fundi atakuambia kwa upendo kabisa, "Kaka, huu nakuunganishia na bodi, utaangalia video mpaka Moshi." Mwambie hapana. Wanaotaka video ni watoto wa nyuma, na watoto wa nyuma wanaweza kupewa skrini yao huko huko nyuma. Mwaka mzima nimeona daladala na magari madogo yakicheza miziki ya video mbele ya dereva, na dereva anaijua kila hatua ya wachezaji.

Mwisho kwenye hili: skrini zile zinazoelea, zilizosimama mbele ya dashibodi kama tableti iliyobandikwa, huziba kitufe cha hazadi na wakati mwingine matundu ya hewa. Pima kabla haijafungwa. Ukilazimika kupitisha vidole nyuma ya skrini kutafuta hazadi, rudisha hiyo skrini.

Hatua ya tano: skrini tayari unayo, sasa ipange

Kama gari lako limekuja nayo, tenga nusu saa ukiwa nyumbani, gari limeegeshwa, injini inawaka. Nusu saa hii itakulipa kuliko kuosha gari.

Weka hewa kwenye otomatiki na joto moja, labda 24, uiache. Watu wengi hupigana na kiyoyozi safari nzima kwa sababu hawakukiamini hata mara moja. Waipa za kujiendesha, kama zipo na zinafanya kazi vizuri, ziwashe. Taa za otomatiki vilevile. Kila kitu kinachojifanya chenyewe ni mguso mmoja pungufu.

Tafuta kama skrini inaruhusu njia za mkato. Nyingi zina sehemu ya chini au juu isiyobadilika unayoweza kuipangia alama unazozitaka: weka kuondoa ukungu, weka feni. Stesheni sita za redio zihifadhi. Nyumbani na kazini viingize kwenye ramani. Uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Utah kwa ajili ya taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani mwaka 2017, kwenye magari 30, ulikuta kuingiza mahali pa kwenda kwenye ramani kunachukua wastani wa sekunde 40. Hakuna barabara yenye sekunde 40 za bure.

Kama alama ya kuondoa ukungu inakaa mahali pale pale daima, bandika tone dogo la gundi ya silikoni kwenye fremu, pembeni kabisa mwa alama hiyo. Likikauka, kidole gumba kitalipata gizani, na kutoka hapo kidole cha shahada kinajua umbali. Kwenye vitufe halisi vinavyofanana na vimepangwa mstari, tone moja kwenye cha hazadi linatosha. Wataalamu wa kupamba magari hawatapenda. Sijali.

Jifunze pia kushika: gumba au kiganja kikae kwenye ukingo wa skrini kwanza, ndipo kidole kiguse. Mkono ulioegemea unatikisika pamoja na gari, hautikisiki dhidi yake. Ni jambo dogo, nililipata kwa dereva wa basi, na limepunguza makosa yangu kuliko ushauri mwingine wowote.

Kuhusu kuamrisha kwa sauti: ni bora kuliko kidole, ila si bure. Maabara ya TRL ya Uingereza mwaka 2020 ilipima madereva wanaotumia Android Auto na Apple CarPlay, mifumo inayoleta programu za simu kwenye skrini ya gari. Kwa kugusa, mwitikio wao ulichelewa kwa asilimia 53 na 57. Kwa sauti, asilimia 30 na 36. Kwa kulinganisha, pombe ya kufikia kiwango cha juu kinachoruhusiwa kule huchelewesha mwitikio wa dereva kwa asilimia 12. Soma tena namba hizo, kisha mfikirie rafiki yako asiyekubali kuendesha baada ya bia moja lakini anatafuta wimbo kwenye mteremko.

Hatua ya sita: mvua na ukungu, mahali panapohukumu

Nimeahidi kueleza, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi huingia kwenye skrini wakiwa na hofu.

Ukungu wa kioo ni wa aina mbili na dawa zake zinapingana. Ukipitisha kidole ndani ya kioo kikaacha mstari, ukungu uko ndani: ni pumzi zenu na nguo zilizolowa. Hapo elekeza hewa kwenye kioo, washa AC ili ikaushe hewa, ongeza joto, na zima ile ya kuzungusha hewa ya ndani, yenye picha ya gari na mshale umejikunja ndani yake. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanazima AC kwa sababu kuna baridi, na kioo kinazidi kuwa cheupe. Magari mengi ukibonyeza alama ya upinde na mawimbi yanafanya sehemu kubwa ya haya yenyewe, ndiyo maana naing'ang'ania iwe kitufe.

Lakini Dar, Tanga au Mombasa, usiku wa joto na unyevu, AC ikiwa imepulizia kioo kwa baridi kali, ukungu unakaa nje. Kidole cha ndani hakiachi kitu. Piga waipa mara moja: ukifutika, ndiyo huo. Dawa ni kuondoa baridi kwenye kioo: elekeza hewa usoni au miguuni na punguza ubaridi. Ukibonyeza ovyo ile ya kioo huku joto liko chini kabisa, unaongeza tatizo.

Sasa fikiria kuyafanya haya yote kwa kurasa tatu za skrini, kwenye mteremko, nyuma ya lori. Kwa hiyo: anza mapema. Ukiona wingu mbele, weka mipangilio kabla ya tone la kwanza. Mvua ikikukuta hujajiandaa, na gari si lako, punguza mwendo, tafuta pa kutokea barabarani, simama, panga, endelea. Hazadi ni ya kusimama. Kuiwasha ukiwa unatembea kwenye mvua kunaficha indiketa zako, na wa nyuma hajui unakwenda wapi.

Hatua ya saba: ukiwa barabarani

Mwongozo wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uliotolewa mwaka 2013 kwa watengenezaji, unataka kila mtazamo usizidi sekunde mbili, na jumla ya mitazamo katika kazi moja isizidi 12. Hata hizo mbili ni mita 44 kwenye 80. Mimi natumia kipimo kingine: kazi inayohitaji mguso zaidi ya mmoja inasubiri kituo, foleni iliyosimama au abiria. Mguso mmoja naufanya barabara ikiwa imenyooka, hakuna mtu kando, na mikono haina kazi nyingine. Kona, daraja, sokoni, shuleni, hakuna mguso.

Abiria wa mbele mpe kazi. Yeye ndiye konda wa skrini. Ramani, simu, muziki, vyote vyake. Akisinzia, muziki unabaki ule ule.

Madereva wa Bolt na Uber mna skrini ya pili ambayo mtengenezaji wa gari hakuijua: simu. Ikae juu, usawa wa macho, karibu na nguzo ya kioo, isizibe barabara. Si pajani, si kwenye soketi ya kikombe. Oda mpya ikilia ukiwa unatembea na abiria, najua inauma kuiacha, lakini zima kabisa sauti za oda mpaka ushushe. Kuna ya dakika tano ijayo.

Na angalizo kwa wanaobadilisha magari mara kwa mara: kwenye Toyota au Nissan za Japani kijiti cha indiketa kiko kulia, kwenye Volkswagen na BMW kiko kushoto. Siku ya kwanza utapiga waipa kila kona. Cheka, ila zunguka kwanza mtaani mara mbili tatu kabla hujaingia barabara kuu, mkono ujifunze upya.

Hatua ya nane: kabla ya kumpa mtu funguo

Hili linawahusu wote mnaoazimisha magari, na kwetu nani haazimishi. Mtu anayepokea gari lako anajua kuendesha. Hajui gari lako. Mpe dakika tatu. Mwonyeshe hazadi, waipa, taa, ukungu, na namna ya kuizima skrini isimulike usiku. Akishaonyeshwa, afanye mwenyewe mara moja bila kusaidiwa.

Shemeji naye siku hizi ana utaratibu. Nikimwomba gari anakaa kiti cha abiria, funguo bado mfukoni mwake, ananiangalia tu. "Haya," anasema, "fumba macho, niwashie ya kioo." Mara ya kwanza niliwasha redio.